Prefe Hapiti Mlangoni kwa Mtu

Kwa miaka sita niliendesha baiskeli nyuma ya Prefe, na katika miaka hiyo hatukuwahi kufika kwa wakati tulikokuwa tunakwenda. Mara nyingi hatukufika kabisa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wetu hapa Stockholm wakimtaja siku hizi hutikisa kichwa kwa mapenzi, husema "ah, yule mzee," kisha hucheka. Wao hawakuwa mkia. Mkia nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyevaa kizibao cha manjano, nikabeba pampu, gundi na viraka, nikawahesabu watu kila baada ya kona, na kila Jumamosi jioni nikarudi nyumbani Hallonbergen nimekunywa vikombe tisa vya chai na sijaona jumba hata moja la kifalme.

Jina lake silitaji, na nadhani wengi hawakulijua. Kule Kongo mkuu wa shule ya sekondari huitwa prefe, na yeye alikuwa prefe Bukavu kabla ya vita kumtoa. Hapa aliosha vyombo katika jiko la hospitali mpaka alipostaafu, lakini hakuna aliyethubutu kumwita kitu kingine. Hata Warundi walimwita Prefe. Hata Achieng, muuguzi kutoka Kisumu ambaye hakuwahi kusoma Kifaransa siku hata moja, alimwita Prefe na kunyoosha mgongo alipolitamka.

Misafara ilianza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Katika vyumba vya chini vya majengo yetu kuna baiskeli zisizo na wenyewe, watu wamehama wakaziacha, na kila mwaka hutolewa nje zikatupwe. Prefe aliomba azichukue. Akazitengeneza moja moja, akazifunga keria zote, hata zile za mbio, kwa sababu hakuelewa baiskeli isiyo na keria ni ya kazi gani. Kisha akatangaza kanisani kwamba kila Jumamosi, Mei mpaka Septemba, atatembeza watu mjini na mashambani wapate kuijua nchi inayowalisha. "Mtu hawezi kukaa mahali miaka kumi na anajua tu njia ya kazi na njia ya duka," alisema. Nilikubaliana naye kabisa. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Nieleze na mimi ni nani, maana ugomvi wetu unatokana na hapo. Mimi ni dereva wa basi. Nilizaliwa Uvira, nikakulia kambini Kigoma, nikaletwa Sweden pamoja na mama yangu, na kazi yangu ni kufika kituoni dakika iliyoandikwa kwenye ratiba. Nikichelewa dakika tatu watu hutazama saa zao, halafu hunitazama mimi. Prefe alipoijua kazi yangu aliniita Shofere, akanipa nafasi ya mkia, akasema mkia unahitaji mtu mwenye akili ya saa. Kichwa cha msafara, kumbe, hakikuihitaji.

Ajabu ni kwamba kwenye kuondoka alikuwa mkali kuliko treni. Saa tatu kamili asubuhi, mbele ya kituo cha Hallonbergen, chini ya dirisha letu, alipiga kengele ya baiskeli mara tatu na kuondoka. Aliyekuwa bado anafunga kamba za viatu aliachwa. Evariste, Mrundi aliyewahi kubeba abiria kwa baiskeli Bujumbura na mwenye mapaja ya kupanda mlima wowote, aliwahi kuachwa akiwa hatua kumi tu kutoka hapo, mkate mdomoni. "Lango limefungwa!" Prefe alimpigia kelele bila kugeuka, na Evariste akatufukuza mpaka Sundbyberg. Ukali wote huo wa saa, halafu saa nne na nusu tumekaa sebuleni kwa mtu, kilomita tatu kutoka tulipoanzia, tunatazama picha za harusi.

Maana Prefe hakuweza kupita mlangoni kwa mtu anayemjua bila kusalimia. Narudia: hakuweza. Kwake kupita kimya ilikuwa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba amekufa. Na alimjua kila mtu. Mkongomani yeyote, Mrundi yeyote, Mnyarwanda yeyote, hata Mganda mmoja wa Tensta aliyekutana naye mara moja kwa daktari wa meno, alijua jengo lake, ghorofa yake na jina la mtoto wake wa kwanza. Tunakwenda vizuri, jua linawaka, Achieng anaimba, ghafla mkono wa Prefe unapanda juu. Breki. Anashuka.

"Iko mtu wetu hapa," anasema. "Tunasalimia tu. Dakika mbili."

"Aki Prefe, si leo tufike tu?" Achieng anamsihi.

"Tutafika. Ile jumba haina miguu."

Basi tunapanda ngazi watu wanane, jasho linatutoka, helmeti kwapani, tunagonga kwa mama wa watu ambaye yuko ndani kwa khanga anapiga pasi. Huyo mama atafanyaje? Atasema karibuni. Ataweka sufuria. Atampigia simu jirani amletee vikombe. Hakuna mtu wa kwetu atakayewaambia watu wanane waliochoka kwamba siku hii haifai. Na sisi tukishaketi hatuwezi kuinuka kabla chai haijaja, na chai ikija haiji peke yake. Nilijaribu kumwambia Prefe kwamba nchi hii watu hupiga simu kwanza, wiki moja kabla, wakatazama kalenda. Akanitazama kwa huruma kama mwanafunzi aliyefeli hesabu rahisi.

"Shofere," alisema, "nikipiga simu, atapika. Nisipopiga, atanipa kile anakula yeye. Gani ni heshima?"

Simu yenyewe aliichukia. Alikuwa nayo, binti yake alimnunulia, ilikaa mfukoni mwa koti imezimwa ili isiishe moto wa betri. Koti, ndiyo. Aliendesha baiskeli kwa koti la suti na tai, miguu ya suruali imebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo, kimoja chekundu na kimoja cha bluu, miaka yote vilevile viwili. Na kwenye mteremko alishuka na kukokota. Kupanda alipanda akiwa juu ya baiskeli, anahema, anakataa kusaidiwa. Kuteremka alitembea. Alisema ujanani aliona mtu wa baiskeli na magunia matatu ya mkaa akishindwa kusimama chini ya mlima, na tangu siku hiyo anaamini mlima hauui, mteremko ndio unaua. Kwa hiyo pale ambapo binadamu wengine hupumzika na kuacha upepo uwapige usoni, sisi tulitembea kwa miguu nyuma ya mwalimu mkuu mwenye tai.

Alikuwa na swali lake moja. Ukikutana naye popote, hata kabla ya kukuuliza habari, alikuuliza, "Umepita wapi?" Na hakutaka majina ya mitaa, alitaka majina ya watu. Ukisema umetoka Rinkeby, anakuuliza mama fulani wa Rinkeby anaendeleaje na shinikizo la damu. Ukisema hukumwona, ananyamaza, na unyamavu wake ulikuwa na maksi. Nimewaona watu wazima, wenye watoto chuo kikuu, wakidanganya mbele yake kuhusu nani waliyemsalimia.

Waswidi nao hakuwaacha. Kule mashambani Järvafältet, ambako watu wa hapa huenda ili wasisemeshwe na mtu, Prefe alimsimamisha kila mkimbiaji. Kiswidi chake kilikuwa kibovu lakini hakikuwa na aibu. "Hej hej! Familjen mår bra?" Kina mama waliokuwa wakikimbia na visikizio masikioni waliulizwa habari za familia na mzee mwenye tai asiyemjua mtu katika familia hiyo. Mmoja aliongeza mbio. Mmoja, lazima niseme, alisimama, akavua visikizio, akaeleza kwamba dada yake ni mgonjwa, na tukakaa pale porini nusu saa tunasikiliza mambo ya dada huyo.

Kulekule kuna mawe ya kale yenye maandishi, yamesimama kando ya njia za zamani. Watu wa kale waliyachonga kuwakumbuka baba zao na ndugu zao, wakayaweka njiani ili wapitao wayasome. Prefe aliposikia habari hiyo nilijua tumekwisha. Kuanzia siku ile kila jiwe lilikuwa mlango. Alivua helmeti, akaweka kiganja juu ya jiwe, akasema, "Bonjour, baba." Na sisi tukasimama nyuma yake tunaumwa na mbu.

Mjini tulifika mara tatu katika miaka sita. Wageni kutoka dunia nzima huja kuona Mji Mkongwe wa Stockholm na madaraja yake, mimi niliyekaa dakika ishirini kutoka hapo nilifika mara tatu. Ziwa Mälaren linamwaga maji yake baharini katikati ya mji, chini ya madaraja, karibu na bunge, maji yanakwenda kasi mpaka unayasikia, na watu hutupa ndoano wakavua samaki mbele ya maofisi. Prefe alisimama darajani akafundisha jiografia dakika arobaini. "Huu ni mto," alisema. "Mfupi sana, lakini ni mto. Msikubali mtu awaambie vingine." Ilikuwa nzuri, sikatai. Halafu tulipoingia vichochoroni, akasikia Kiswahili kinatoka katika dirisha la jiko la mgahawa, akaacha baiskeli yake mikononi mwangu, akaingia kwa mlango wa nyuma. Tulimngoja kati ya watalii mpaka maduka yakafungwa. Alitoka na mkoba wa mikate, na habari nzima ya kijana wa Goma aliyekuwa akiosha vyombo, ambaye kumbe alikuwa hajasema na mtu kwa lugha yake tangu wiki mbili zilizopita.

Sasa nifike kwa mama yangu, maana yote haya ningeyasamehe.

Mama alikuwa na magoti mabaya na Kiswidi cha maneno manne. Tuliishi ghorofa ya nne, lifti nzima, lakini aliteremka labda mara moja kwa mwezi. Mimi zamu zangu zilianza alfajiri. Kwa wiki nzima alikaa jikoni, karibu na dirisha, akitazama uwanja wa mbele ya kituo, na mtu pekee aliyekuja kumwona bila kuwa mfanyakazi wa manispaa alikuwa Prefe. Kila Jumamosi ya msimu, saa tatu kasorobo, alipanda kumsalimia kabla ya msafara. Ijumaa Mama alikanda mandazi. Jumamosi alifunga kitambaa kizuri cha kichwa na kuweka vikombe viwili mezani. Walizungumza Uvira, ziwa, bei za samaki za zamani, wakibishana kama ndugu. Robo saa tu. Robo saa hiyo Mama aliila wiki nzima.

Kulikuwa na bati la biskuti alilowekea sindano na nyuzi, lenye picha ya jumba la Drottningholm, lile la kisiwani, mfalme anakokaa. Mama alikuwa akiligeuza mkononi. "Malkia anakaa humu kweli?" aliniuliza. "Nikaone siku moja." Hakuwahi kuniomba kitu kingine katika nchi hii.

Nikapanga. Prefe alikubali kwamba msafara wa Jumamosi moja ya Julai uende Drottningholm, na niliagiza ile teksi ya wazee wasioweza kutembea impeleke Mama saa saba na kumrudisha saa tisa. Teksi hizo haziahirishwi. Tulikubaliana sisi tufike kabla yake na chakula, tukae naye nyasini, amwone malkia au angalau madirisha yake. Nilimwambia Prefe mara tatu: saa saba. Alisema, "Saa saba, Shofere. Andika."

Sundbyberg tulisimama kwa Mama Riziki, mjane wa kutoka Fizi. Sawa, nilikuwa nimemhesabu. Lakini karibu na Brommaplan mkono ukapanda tena. Kulikuwa na Warundi waliojaliwa mtoto siku nne zilizopita. "Mtoto, Shofere," alisema. "Tunapita vile kwa mtoto?" Tukapanda. Baba wa mtoto alikuwa amepokea ndagala kutoka kwao, wale samaki wadogo wakavu wa Tanganyika, alikuwa akiwatunza kwa siku ya furaha, na furaha ikawa sisi. Ugali ukasongwa. Yule baba akapita na beseni na birika, akatunawisha mikono mmoja mmoja, mimi nikiwa wa mwisho. Ilikuwa saa saba kasorobo. Kilikuwa kimebaki kipande cha njia cha dakika ishirini.

Ningeweza kusimama. Hili nimelificha miaka mingi kwa kumlaumu Prefe. Ningeweza kusema, samahani, mama yangu ananingoja, nikateremka, nikaondoka peke yangu. Lakini nilikuwa nimeshanawa. Huwezi kunawa kwa mtu ukaondoka na mikono mibichi. Mimi, dereva wa basi, nikaketi, nikala ndagala, nikasifu mtoto, nikitazama saa ya ukutani mpaka ikapita saa nane, halafu ikaja mvua, halafu ikaja chai.

Drottningholm tulifika saa tisa na dakika ishirini. Benchi lilikuwa tupu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia maua alinieleza kwamba alikaa pale bibi mwenye kitambaa cha njano, na mvua ilipokuja hakusogea, akaogopa labda wenzake watampoteza. "Alinipa mkate mtamu," alisema. "Alikuwa na mingi sana."

Nyumbani nilimkuta Mama jikoni, hajavua kitambaa, kimelowa.

"Nimeiona," alisema. "Ni kubwa. Kulikuwa kitu nilitaka kukuuliza, lakini hukuwako."

"Kitu gani, Mama?"

"Sasa nimesahau."

Jumamosi iliyofuata, saa tatu kasorobo, Prefe akagonga kama kawaida, mara tatu za haraka. Nilikuwa na wiki nzima ya hasira tumboni. Nilifungua, nikatoka, nikavuta mlango nyuma yangu. Evariste na Achieng walikuwa nyuma yake kwenye ngazi.

"Prefe," nilisema, "hapa ni Sweden. Kuanzia leo usigonge mlango huu kabla hujapiga simu."

Nilitaka abishe. Nilikuwa na majibu tayari. Aliutazama mlango, akanitazama mimi, akavaa helmeti yake.

"Bon," alisema, na akateremka ngazi, Evariste akimpisha bila kuinua macho.

Nilipoingia Mama aliniuliza nani. Nikasema watu wa matangazo. Alikitazama kikombe cha pili pale mezani, akakirudisha kabatini mwenyewe.

Niliacha misafara. Prefe hakupiga simu, bila shaka, na hakupanda tena. Lakini kila Jumamosi saa tatu kamili, chini ya dirisha letu, kengele ililia mara tatu, kwa nguvu, halafu msafara ukaondoka. Nilijua alikuwa akinichokoza. Nikiwa nyumbani nilikaza meno. Siku moja nilikwenda jikoni nimtukane kupitia dirishani, nikamkuta Mama amesimama pale na kitambaa anapangusa kioo, nikaona aibu, nikarudi chumbani. Mama alipenda kupangusa kioo kile Jumamosi. Nilimwona mtu wa usafi.

Majira mawili ya joto yalipita hivyo. Ya tatu kengele haikulia. Mei nzima. Evariste ndiye aliyenieleza nilipomchukua kama abiria kwenye basi langu: Prefe alianguka kwenye barafu mbele ya duka, akavunjika nyonga, binti yake amemhamishia kwake Fisksätra. "Hakuwa hata kwenye baiskeli," Evariste alisema, akiudhika kwa niaba yake.

Na Mama akaacha kukanda mandazi. Kwanza niliona ni joto. Halafu akaacha kufunga kitambaa. Mwezi wa sita ikawa saa sita mchana bado yuko kitandani, Jumamosi na siku nyingine pia, na sahani ninayomwachia naikuta ilivyo. Mfanyakazi wa manispaa akaandika kwenye daftari lake na kuniuliza kama ana huzuni. Nilimwambia Mama aamke ale, avae vizuri.

"Nivae," alisema, "nani anakuja?"

Nilitafuta baiskeli yangu chini.

Kutoka Hallonbergen hadi Fisksätra ni kuvuka mji wote, na nilivuka bila kusimama kwa mtu. Sundbyberg, Kungsholmen, madaraja, Mji Mkongwe. Nilisimama dakika moja juu ya ule mto mfupi, nikatazama maji yanavyokimbia, hakuna aliyenieleza chochote. Slussen, Nacka, vilima, miteremko ambayo niliteremka kwa mbio. Saa moja na dakika hamsini. Ndiyo safari niliyoitaka miaka yote ile, na nilifika nimekasirika vilevile.

Mjukuu alinifungulia, akapiga kelele kwa Kiswidi kwamba babu ana mgeni. Prefe alikuwa kitini, karibu na balkoni, fimbo magotini. Amepungua mpaka tai ilikuwa pana kuliko shingo.

"Umepita wapi?" aliuliza.

Nikamtajia.

"Na Mama Riziki hajambo?"

"Sikuingia, Prefe."

"Kijana wa mgahawa?"

"Sikuingia."

"Umekuja kama barua," alisema.

Nilitaka kuondoka palepale, nakiri. Badala yake nikamwambia habari zote za Mama, kitanda, sahani, kitambaa. Sikufika mwisho. Alikuwa ameinuka, anatafuta koti. Na kabla ya kuvaa viatu alichukua kwenye kabati vibanio viwili, chekundu na bluu, akabana suruali yake, ingawa tulikuwa tunakwenda kupanda treni. Baiskeli yangu niliiacha kwao, nikijua itabidi nirudi kuichukua, naye alijua.

Treni ya Saltsjöbanan mpaka Slussen ilikwenda vizuri. Lakini katikati ya mji, kwenye njia ya bluu ya treni za chini ya ardhi, iliyotangulia kuja ilikuwa ya Hjulsta, inayopita Sundbyberg. Ya kwetu ilikuwa nyuma yake. Prefe akainua fimbo.

"Tunasalimia tu Mama Riziki. Dakika mbili."

Nilimshika mkono wa koti. "Prefe, leo hapana. Leo Mama kwanza."

Milango ilifungwa, treni ikaondoka. Aliifuata kwa macho mpaka taa zake zikapotea.

"Atajua nilipita," alisema.

"Nitakwenda kwake kesho mimi."

"Na utakaa?"

"Nitakaa, Prefe."

Ghorofa ya nne alitoka kwenye lifti, akanyoosha tai, akasimama mbele ya mlango wetu. Hakugonga. Nikatoa ufunguo, akaweka kiganja chake juu ya kufuli.

"Piga simu, Shofere."

"Prefe, nakuomba."

"Ulisema."

Nikapiga. Tuliisikia ikilia ndani, ikalia, ikalia. Mama hashiki simu nikiwa sipo, haiamini, sawasawa na Prefe. Nikakata.

"Hapokei."

"Alors, hatujaruhusiwa," alisema, akaegemea fimbo yake, mzee wa nyonga ya chuma aliyetoka Fisksätra, tayari kusimama pale mpaka kesho. Nilikaribia kupasuka. Halafu nikaelewa kwamba hapa ukaidi haukuwa wake.

"Nilikosea," nilisema. Nikasema kwa sauti, ili isikike ndani. "Nilikosea, Prefe. Mlango huu ugonge siku yoyote. Gonga."

Akagonga. Mara tatu za haraka. Muda ukapita, halafu tukasikia slipa zikija polepole, zikasimama upande wa pili.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama," alisema Prefe.

"Ulipita wapi?" Mama akauliza.

Nimemjua Prefe miaka mingi, na hiyo ndiyo mara ya pekee nilimwona akitafuta jina la mtu na asilipate. Alivua kofia yake.

"Nilipita hapa chini," alisema. "Kila Jumamosi."

"Nilisikia kengele," akasema Mama, na kufuli likazunguka.